Fanya Juu: Linda Udongo Wako

Mkulima, ukiona maji mekundu yakitoka shambani wakati wa mvua, ujue yanachukua udongo pamoja na mbolea uliyonunua. Udongo utakwenda, na deni la mbegu litabaki.

Mwaka 1974 Sweden ilianza kuisaidia Kenya katika kazi ya kuhifadhi udongo. Msaada huo uliwafundisha maafisa wa kilimo, nao wakawafundisha wakulima. Lakini mitaro haikuchimbwa na wageni. Huko Machakos vikundi vya mwethya vilichimba kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule.

Fanya hivi. Anzia juu ya shamba, wala si chini. Pima mstari ulio sawa kukata mteremko, kwa kamba na pimamaji. Chimba mtaro wenye kina na upana wa sentimita 60 hivi. Udongo wote utupe upande wa juu; ndiyo maana ya "fanya juu". Panda nyasi za nepia juu ya tuta ili lishike, na ng'ombe wapate chakula. Kila mvua udongo utazuiliwa na tuta, mpaka mteremko uwe ngazi.

Msaada huleta mafundisho. Jembe ni lako.