Mawe Ndani ya Jiko la Kuni
Jiko la kuni lililojengewa mawe mazito kwa ndani huchelewa kuivisha. Joto la mwanzo humezwa na mawe, na chumba cha moto kikiwa bado baridi, kuni hutoa moshi mwingi pamoja na kaboni monoksidi, ambayo mpishi, aghalabu akiwa na mtoto mgongoni, huivuta. Kwa chai ya asubuhi jiko hilo ni hasara. Kwa maharage yanayochemka saa 3 lina faida. Udongo mwepesi, uliochanganywa na pumba za mpunga kisha ukachomwa, hunyonya joto kidogo, hivyo moshi huwahi kuungua. Mawe ya mtoni yasitumike kabisa: maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuyapasua. Tena, moto ukizimika, mawe mazito hubaki na joto kwa muda mrefu, na huweza kumuunguza mtoto atambaaye.