Jaribu tovuti yako kwenye simu bila bando

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi kutengeneza tovuti huwa wameshafikia hatua ya kutafuta pesa ya kununua jina na kulipia mahali pa kuiweka. Tulieni kwanza. Kujenga, kubomoa na kujenga upya kunaweza kufanyika ndani ya kompyuta yako, bila intaneti na bila kumlipa mtu. Mimi hutengeneza tovuti za maduka madogo, na hakuna inayokwenda hewani kabla haijakaa kwenye mashine yangu na kufunguliwa kwenye simu. Hilo la simu ndilo limenifanya niandike. Maelekezo mengi huishia pale ukurasa unapofunguka kwenye kompyuta, ilhali mteja wa duka hana kompyuta. Ana simu, tena ya bando la kupima.

Seva ni programu tu. Inakaa ikisubiri kivinjari kiombe ukurasa, kisha inautoa. Maarufu kati ya hizo ni Apache, iliyoanza mwaka 1995. Ukitaka kutumia WordPress utahitaji pia PHP na hifadhidata kama MariaDB. XAMPP imevifungasha vyote pamoja na ni ya bure. Ipakue kutoka apachefriends.org, faili linazidi MB 100, kwa hiyo subiri bando la usiku au Wi-Fi ya mtu mkarimu. (Kama una kurasa za HTML tupu na Python tayari ipo kwenye mashine, huhitaji hata XAMPP: ingia kwenye folda yako, andika python -m http.server 8000, kisha fungua localhost:8000.)

Hapa naongelea Windows. Wakati wa kusakinisha, iache XAMPP ikae C:\xampp. Usiipeleke Program Files, kwa sababu Windows inailinda folda ile na utakuwa unanyimwa ruhusa kila unapotaka kuhifadhi kitu. Ukimaliza, fungua XAMPP Control Panel na ubofye Start kwenye Apache, kisha kwenye MySQL, ambayo ndani yake kwa kweli ni MariaDB. Zote mbili zikigeuka kijani, andika localhost kwenye kivinjari. Jina hilo, sawa na anwani 127.0.0.1, maana yake ni mashine hii hii unayoitumia. Likumbuke, litatusumbua baadaye.

Apache ikigoma kuwaka, shuku kwanza poti 80, ambayo huenda imeshachukuliwa na programu nyingine. Kwenye Command Prompt andika netstat -ano | findstr :80, uangalie namba ya mwisho kwenye mstari, halafu uitafute kwenye Task Manager. Ikiwa ni 4, mwenye poti ni Windows yenyewe, na mimi huwa sishindani naye. Nafungua httpd.conf kupitia kitufe cha Config, nabadilisha Listen 80 iwe Listen 8080, na ServerName localhost:80 iwe localhost:8080. Kuanzia hapo anwani inakuwa localhost:8080.

Mafaili ya tovuti yanakaa C:\xampp\htdocs. Ukitengeneza humo folda iitwayo duka, utaifungua kwa localhost/duka. Kwa WordPress, fungua zipu yake, hamishia mafaili yaliyo kwenye folda yake ya wordpress ndani ya folda hiyo ya duka, nenda localhost/phpmyadmin, tengeneza hifadhidata, kisha fungua localhost/duka uendelee na usakinishaji. Itakapouliza, jina la mtumiaji ni root na nywila iache tupu. Nywila tupu ni sababu tosha ya kutoigeuza XAMPP kuwa seva ya kweli ya hewani.

Kwa wenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, neno moja: umeme ukikatika MariaDB ikiwa inaandika, kuna siku itakataa kuwaka na kukuletea ujumbe kwamba MySQL imezima ghafla. Mtandaoni utashauriwa ufute faili la ibdata1. Usiliguse, humo ndimo zilimo taarifa za majedwali yako. Dawa rahisi ni kuitangulia ajali: kila ukimaliza kazi, ingia phpMyAdmin, bofya Export, uhifadhi faili la .sql kwenye flashi.

Sasa simu. Washa hotspoti ya simu na uzime data. Simu nyingi za Android zinakubali. Unganisha kompyuta kwenye hotspoti hiyo, andika ipconfig kwenye Command Prompt, usome mstari wa IPv4 Address. Tuseme umepata 192.168.43.57. Kwenye kivinjari cha simu andika http://192.168.43.57/duka, na ile http:// iandike kamili, maana baadhi ya vivinjari hukimbilia https. Ukurasa unasafiri kati ya vifaa viwili vilivyo mezani kwako, na bando haliguswi. Simu nyingine ikijiunga na hotspoti hiyo, nayo itafungua. Namba hiyo hubadilika, kwa hiyo itazame upya kila unapounganisha.

Simu ikizunguka tu bila kufungua, hapo ni Windows inazuia. Mtandao mpya huuchukulia kuwa Public, yaani wa watu usiowajua. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uubadilishe uwe Private, kisha hakikisha Apache HTTP Server imewekewa alama kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita Windows Defender Firewall. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa fanya kinyume: zima Apache kabisa, la sivyo jirani wa meza ya pili anaweza kusoma kila ulichoweka htdocs.

WordPress ina ukaidi wake. Ilipokuwa inasakinishwa ilihifadhi anwani yake kama localhost, hivyo simu ikiiomba ukurasa, inairudisha simu kwenye localhost. Kwa simu, localhost ni simu yenyewe, na humo hamna seva. Fungua wp-config.php, na juu ya mstari unaosema uache kuhariri, ongeza hii miwili:

define('WP_HOME', 'http://' . $_SERVER['HTTP_HOST'] . '/duka');
define('WP_SITEURL', 'http://' . $_SERVER['HTTP_HOST'] . '/duka');

Tovuti itafuata anwani yoyote iliyotumika kuiita. Picha ulizokwisha kuzipachika ndani ya makala bado zitabeba localhost; plagini ya Better Search Replace inazibadilisha zote kwa mpigo, na utaihitaji tena siku ya kuhamia hewani.

Tovuti ikishafunguka simuni, usiitazame kwa macho ya fundi. Bonyeza menyu kwa kidole gumba. Jaza fomu ya oda huku kibodi imefunika nusu ya kioo, uone kama kitufe cha kutuma bado kinafikika. Soma bei ukiwa nje juani.

Kasi ndiyo usiiamini. Kutoka kompyuta hadi simu iliyo pembeni yake, picha ya MB 4 inafunguka papo hapo, na mwenye duka ataifurahia hadi siku tovuti itakapohamia kwenye seva ya mbali. Kwa hiyo narudi kwenye Chrome ya kompyuta, nabonyeza F12, naingia Network na kuchagua 3G badala ya No throttling, kisha naupakia ukurasa upya na kuhesabu. Chini ya dirisha hilo huandikwa jumla ya uzito wa ukurasa. Ukizidi MB 1 nawageukia wapiga picha, ambao hupenda kuniletea picha za pikseli 4000 za kanga iliyotundikwa ukutani. Nazishusha hadi upana wa pikseli 1000, nazihifadhi kwa WebP, na kuupakia tena ukurasa kwa 3G mpaka bei na namba ya simu ya duka zitokee kabla ya picha.