Inveta ya Sola: Vidokezo Kabla Hujatoa Dola Zako

Ukipanda milima ya Masisi kutoka Sake, au ukiteremka hadi misitu ya Walikale, nyumba nyingi zenye taa usiku zinawaka kwa sola. Paneli na betri watu wameshazizoea. Kinachowaponza wengi ni inveta, ile konvertisa inayogeuza volti 12 za betri kuwa 220.

1. Andika vitu utakavyowasha kwa wakati mmoja. Televisheni wati 60, dekoda 15, kompyuta 60, mashine ya kunyoa 15: jumla 150. Inveta ya wati 300 inakutosha kabisa. Ya 3000 mwachie mwenye kinu.

2. Taa na simu zitoe kwenye hesabu. Taa za volti 12 na chaja ya USB huungwa kwenye kontrola (kidhibiti cha chaji) bila kupitia inveta. Ukifanya hivyo, usiku unaizima inveta na nyumba inabaki na mwanga.

3. Inveta kubwa inakula hata ikikaa bure. Hapa ndipo betri nyingi zinapofia. Inveta kubwa inaweza kutumia wati 20 bila kuwasha chochote. Kwa siku nzima hizo ni wati-saa 480. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo una 600, na 480 zimeshaliwa kabla hujawasha televisheni. Masisi ukungu ukikataa kuondoka hadi mchana, paneli hairudishi kilichotoka. Uliza dukani: ikiwa haina mzigo, inatumia wati ngapi?

4. Tafuta maneno "pur sinus" kwenye boksi, yaani umeme wenye mawimbi laini. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wenye mawimbi ya mkato. Taa na chaja nyingi huvumilia, lakini mashine ya kunyoa huunguruma na kupata joto mkononi mwa kinyozi, na mota ya frijo huumia polepole. Kwa mwenye saluni, tofauti ya bei inafaa kulipwa.

5. Frijo ina fujo inapoanza. Frijo ya wati 100 inaweza kudai mara tano ya hapo, au zaidi, kwa muda mfupi sana. Namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kilele hicho tu; wewe uliza nguvu ya kudumu, kisha uliza ya kilele. Zahanati inayotunza chanjo isihangaike na haya: kuna frijo za chanjo zinazoendeshwa na paneli moja kwa moja, bila inveta.

6. Usibane nyaya. Wati 1000 kwenye volti 12 huvuta ampea 90 hivi. Waya mwembamba hapo utayeyuka, na nyumba ya mbao haisubiri. Tumia waya mnene na mfupi, fyuzi ikae karibu na betri. Ukihitaji zaidi ya wati 1000, hamia volti 24.

7. Heshimu radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, huko Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika kwa radi: zaidi ya 200 kwa mwaka kwenye kila kilomita ya mraba. Sisi wa Masisi na Walikale ni majirani. Weka waya wa ardhini na kikinga radi, na wingu likianza kujikusanya, zima swichi ya paneli kisha uchomoe nyaya zake. Mvua ikishaanza, usiguse.

8. Itundike inveta ukutani. Walikale unyevu na sisimizi huingia kwenye feni. Usiiweke juu ya betri.

9. Fikiria siku ya kuhama. Mapigano ya mwaka 2025 yaliwahamisha watu wengi Masisi na Walikale. Inveta nyepesi ya wati 1000 ina kilo tatu hivi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina karibu 30. Funga mitambo kwa skrubu, na mfundishe kila mtu mzima wa nyumba kuifungua: paneli kwanza, betri baadaye.

Ukienda kununua Goma, beba kifaa chako, kiwashwe mbele yako kwa nusu saa, na udai fakitire yenye garantii. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.