Zawadi au amana? Lugha ya kuwaandikia wafadhili wakubwa wa chuo kikuu

Kiswahili kina majina kadhaa ya mtu anayetoa mali yake kwa ajili ya chuo: mhisani, mfadhili, mchangiaji. Darasani tumezoea kubishana juu ya majina hayo. Lakini jina linalostahili mabishano zaidi ni la kile kinachotolewa. Je, ni msaada, zawadi, au amana?

Zawadi ikishapokelewa ni mali ya aliyepewa. Ukinipa shati nami nikampa mdogo wangu, huna kesi nami, ingawa waweza kununa. Amana sivyo. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe ataiulizia. Asipokuwapo, watoto wake wataiulizia. Fedha nyingi zilizotolewa kwa kusudi lililoandikwa ziko karibu na amana kuliko zawadi, hata kama siku ya sherehe kila msemaji huziita zawadi. Kazi ya kutunza uhusiano na mfadhili, ambayo lugha ya makanisa ingeiita uwakili, huanza pale viti vya sherehe vinapokunjwa.

Mifano iliyoandikwa vizuri hupatikana Marekani, kwa sababu huko vyuo vina idara nzima za kuchangisha fedha. Mwaka 1961 Charles Robertson na mkewe Marie, mrithi wa utajiri wa maduka ya vyakula ya A&P, walikipa Chuo Kikuu cha Princeton hisa zenye thamani ya dola milioni 35. Hati ilitaja kusudi: kuwaandaa wanafunzi wa shahada za juu kwa kazi za serikali, hasa zile za uhusiano na nchi za nje. Fedha zilikua miaka kwa miaka hadi zikafika mamia ya mamilioni. Charles alifariki mwaka 1981. Mwaka 2002 watoto wake walikishtaki chuo, wakidai kwamba ni wahitimu wachache mno walioingia katika kazi hizo na kwamba fedha zilipelekwa pengine. Chuo kilijibu kwamba kusudi lile lilikuwa na nafasi pana zaidi ya walivyolisoma wao.

Msomaji wa kitivo cha lugha atatambua kesi hii ni ya namna gani. Ni kesi ya tafsiri ya matini! Pande mbili zilisoma sentensi moja, kila upande ukapata maana yake. Iliendelea kwa miaka sita. Mwishoni mwa 2008 walipatana nje ya hukumu: fedha zilibaki Princeton, lakini chuo kilikubali kurudisha dola milioni 40 za gharama za wanasheria na kutoa milioni 50 nyingine kwa mfuko mpya wa familia. Kwa maoni yangu, ripoti ya kurasa mbili kila mwaka, iliyosema waziwazi wahitimu wangapi wameingia wapi, ingewapa pande zote nafasi ya kubishana mapema na kwa gharama ndogo.

Yale ilionyesha upande mwingine. Mwaka 1991 Lee Bass, aliyesoma hapo, alitoa dola milioni 20 kwa ajili ya masomo ya ustaarabu wa Magharibi. Mpango ulikawia. Mfadhili alipochoka kungoja, aliomba awe na sauti katika kuwakubali walimu watakaofundisha. Chuo kilikataa, na mwaka 1995 kikarudisha fedha zote. Kukataa kulikuwa sahihi. Mwenye fedha hachagui mwalimu. Ila ombi lile lilitanguliwa na miaka ya kusubiri, na anayesubiri bila habari huanza kutafuta usukani.

Kwa Michael Bloomberg mambo yalikwenda vingine. Alihitimu Johns Hopkins mwaka 1964, na mwenyewe ameeleza kwamba mchango wake wa kwanza, mwaka uliofuata, ulikuwa dola 5. Baadaye aliongoza baraza la wadhamini wa chuo hicho, na mwaka 2018 akatangaza dola bilioni 1.8 za kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo wa kulipa masomo. Usitazame bilioni tu. Kati ya hizo na zile dola 5 kuna zaidi ya miaka hamsini ya kuandikiana, kukaribishwa na kupewa kazi ya kufanya.

Sasa turudi Congo, kwenye meza yetu. Mfadhili wetu mkubwa aweza kuwa mfanyabiashara wa mjini au mama aliyesoma hapa na sasa anaishi Ubelgiji. Hebu tuseme amenunulia maktaba vitabu. Barua tunayomwandikia mara nyingi husema: “Tunashukuru kwa msaada wako mkubwa. Fedha zimetumika vizuri na maendeleo yameonekana.” Ni Kiswahili safi, na hakisemi kitu. Tazama vitenzi: zimetumika, yameonekana. Kiambishi -k- cha kutendeka kimemfuta mtenda. Nani alizitumia? Nani aliyaona maendeleo hayo? Neno “msaada” nalo linatuketisha chini kama waombaji, wakati tuliyempa mkono ni mwenzetu katika kazi.

Linganisha na mfano huu niliotunga: “Mama, ulitupa fedha za vitabu 120 vya isimu. Tumepokea 112; tumeviweka katika chumba cha kusomea, na wanafunzi wa mwaka wa pili wanavitumia tangu mwezi wa tatu. Vitabu 8 bado viko forodhani. Tutakuandikia tena vikitoka.” Hapa mtenda yupo, hesabu ipo, na upungufu upo. Wenzangu wengine huogopa kutaja vile 8. Mimi naona ndivyo vitakavyomfanya aamini vile 112.

Namna ya kuita nayo ina uzito. “Mheshimiwa” hufaa barua ya kwanza; kwa mama tuliyemzoea, likirudi linasikika kama mlango unaofungwa. Na barua moja kwa mwaka itoke kwa mwanafunzi mwenyewe, kwa maneno yake, bila mkuu wa kitivo kuipiga pasi.

Zoezi: chukua barua yoyote ya shukrani uliyo nayo karibu. Pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa na cha kutendeka. Andika upya kila sentensi ukitaja mtenda, tarehe na idadi. Sentensi itakayokataa kuandikwa upya, ulizia kwanza ofisi ya fedha.