Mbwa Kagongwa, Mfukoni Hamna Kitu

Wiki hii dada mmoja wa Pasiansi, huku kwetu Kanda ya Ziwa, kaniandikia akiwa amechanganyikiwa. Mbwa wake kagongwa na bodaboda kwenye barabara ya uwanja wa ndege, mguu wa nyuma unaning'inia, na daktari aliyempigia simu kamtajia pesa inayozidi kodi ya chumba chake ya mwezi mzima. Mumewe kacheka: kwa pesa hiyo si unapata watoto wa mbwa watano na chenji inabaki? Jirani naye kachomekea lake, kwamba mjini watu wanalala njaa, yeye anatibisha mbwa. Swali la dada likawa fupi: "Nikimtibu naonekana mjinga, nisipomtibu naona nina dhambi. Nishike lipi?"

Kwanza nimtetee shemeji kidogo. Anayesema "nunua mwingine" hana roho mbaya, hesabu yake ni ya ng'ombe. Kanda ya Ziwa tumekulia kwenye mifugo. Ng'ombe akiugua, mzee anajua atauzwa shilingi ngapi mnadani, anajua na chupa ya dawa ni shilingi ngapi, anatoa kimoja kwenye kingine, shauri limekwisha. Hesabu ikigoma, kisu kinanolewa mapema. Mbwa na paka hawapelekwi mnadani. Huna bei ya kuanzia kutoa, kwa hiyo unalazimika kuipanga wewe mwenyewe na watu wa nyumbani kwako, na saa ya kuipanga haiwezi kuwa ile damu inachuruzika sakafuni na watoto wanapiga kelele.

Ndiyo maana nawaambia: kikomo cha pesa kipangwe mnyama akiwa mzima, anakula ugali wake na dagaa. Mkae, mtaje kiasi. Elfu hamsini ni sawa. Laki tatu ni sawa. Anayeweza zaidi, Mungu amzidishie. Kisicho sawa ni kukosa kikomo na kukosa mpango, halafu mbwa anaachwa nyuma ya choo siku tatu "tuone itakuwaje", na siku ya nne anapelekwa kwa daktari kidonda kimeoza, tiba imepanda bei maradufu na matumaini yameshuka.

Sasa tuje kwenye saa ya kwanza, kwa sababu humo mna mambo mengi ya bure yanayopunguza bili.

Mbwa mwenye maumivu anauma hata mkono unaomlisha. Kabla hujamgusa, chukua kitambaa kirefu, hata ukanda wa kanga iliyochakaa, uzungushe mdomoni na ufunge nyuma ya masikio. Asifungwe mdomo kama anahema kwa shida au anatapika. Paka hafungwi mdomo, anaviringishwa kwenye taulo kichwa kikiwa nje. Damu ikitoka, kandamiza kitambaa safi juu ya jeraha na usifunuefunue kila dakika kuangalia. Mguu uliovunjika usijaribu kuunyoosha. Hiyo ni kazi ya mwenye dawa ya usingizi. Mlaze juu ya ubao, mlango wa kabati, au blanketi linaloshikwa na watu wawili. Wa Mabatini, Igogo na kule juu Bugando, ninyi mnajua kwamba gari halipandi kwenye mawe yale, kwa hiyo ubao huo mtaubeba hadi barabarani. Tafuta kijana wa kusaidiana naye kabla hujaita bajaji, na dereva umwambie mapema kwamba abiria ni mbwa. Wengine watakataa, wengine wataongeza nauli. Hiyo nauli nayo iwe ndani ya hesabu yako.

Kisha inua taratibu mdomo wa juu wa mbwa utazame ufizi. Ukiwa wa waridi, una muda wa kupiga simu mbili tatu na kuuliza bei. Ukiwa mweupe kama chokaa na miguu imepoa, huenda anavuja damu kwa ndani, na hapo kulinganisha bei kumekwisha. Nenda kwa daktari aliye karibu. Usimlishe njiani, maana huenda akahitaji nusu kaputi, na tumbo likiwa limejaa nusu kaputi ni hatari.

Halafu hili naliandika nikiwa nimekunja uso: dawa za binadamu muache kabatini. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Dikilofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi tunazimeza kama karanga, zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Watu wanafanya hivyo kwa huruma kabisa, mgonjwa mmoja anageuka kuwa na magonjwa mawili, na bili nayo inafuata. Oili chafu, mafuta ya taa na tumbaku kwenye kidonda, hivyo hivyo, marufuku. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yanatosha kuosha kidonda mpaka mfike kwa mtaalamu.

Mtaalamu gani? Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Daktari wa mifugo mwenye shahada kwa kawaida kasomea chuo kikuu cha SUA, Morogoro, miaka mitano. Afisa mifugo wa kata, yule tunayemwita bwana mifugo, mara nyingi katokea vyuo vya LITA kama kile cha Mabuki pale Misungwi, na ana cheti au diploma. Wote wana kazi yao. Kuosha kidonda, kuchoma sindano na kufunga bandeji, bwana mifugo mzuri anakutosha, tena kwa bei ndogo. Kufungua tumbo au kuunga mfupa, mtafute daktari, na umuulize bila kuona haya kama kasajiliwa na Baraza la Veterinari, ambalo lipo kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Muulize pia kama kazoea wanyama wadogo. Wengi wa huku mikono yao imezoea ng'ombe na mbuzi, na aliye mwaminifu atakwambia mwenyewe kwamba kazi hii ampe mwenzake. Anayenipa wasiwasi ni yule wa tatu, muuzaji wa duka la dawa anayefunga duka, anachukua mkoba, na anakuja kushona.

Ukishamfikisha, usikubali kutajiwa jumla tupu. Omba mchanganuo: kumwona daktari kiasi gani, nusu kaputi kiasi gani, kushona, sindano ya maumivu, antibayotiki, dripu, kulazwa kwa usiku mmoja, kurudi kutoa nyuzi. Eksirei ulizia kabla hujatoka nyumbani, kwamba ipo au mtaelekezwa kwingine, na kwa bei gani. Kisha sema maneno haya, tena kwa utulivu: "Dokta, nina kiasi hiki. Kwa kiasi hiki tunaweza kufanya nini kilicho cha lazima leo, na kipi kinaweza kusubiri?" Madaktari wengi wanalijua swali hili na hawalichukii. Karibu kila tiba ina njia ya bei kubwa na njia ya bei nafuu. Baadhi ya mivunjiko ya nyonga inaunga yenyewe mnyama akifungiwa mahali padogo wiki kadhaa bila kurukaruka. Mguu uliosagika kabisa unaweza kukatwa kwa pesa pungufu kuliko kuuwekea vyuma, na mbwa wa miguu mitatu anakimbiza kuku kama kawaida. Usipouliza, utapewa njia moja tu, na huenda ikawa ile ya vyuma.

Watu wa mwambao nina neno lenu la peke yenu. Mbwa na paka wa mialoni, kuanzia Kirumba hadi visiwani, wanakula mabaki ya samaki, na kwenye mabaki kuna ndoano za sangara. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute hata kidogo. Ndoano ikiwa imeshika kooni au tumboni, kuvuta ni kuchana. Usiukate mfupi pia; ufunge kwenye ukanda wa shingo asiumeze, daktari ataufuata. Wa Sengerema siku hizi mna nafuu, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hamsubiri kivuko na mgonjwa mikononi. Wa Ukerewe bado mnategemea ratiba ya majini, kwa hiyo namba ya bwana mifugo wa Nansio iwe kwenye simu yako kuliko ya daktari wa mjini.

Kuhusu kuchangisha, tusidanganyane. Harusi tunachangiana mpaka tunakopa. Tuma kwenye kundi la familia mchango wa mbwa, uone vikatuni vya kucheka vitakavyomiminika. Lakini majirani ambao mbwa wako anawalindia uchochoro usiku, waombe. Wengine watatoa elfu mbili mbili bila kelele. Na si sisi tu tunaohangaika. Mwaka 1917, Maria Dickin alifungua zahanati ya bure ya wanyama Whitechapel, mtaa wa maskini wa London, kwa sababu watu wa pale waliwapenda wanyama wao na hawakuwa na pesa ya daktari. Zahanati hiyo ndiyo iliyozaa shirika la PDSA. Huku kwetu shirika la Mbwa wa Africa linaokoa mbwa upande wa Arusha, Nairobi lipo shirika la KSPCA. Ukiwa Buhongwa wote hao wako mbali, tegemea kibubu chako.

Ndiyo, kibubu. Buku moja kila wiki ni elfu hamsini na mbili kwa mwaka, na hiyo inamtoa mtu kwenye "sina kitu" hadi kwenye "nina pa kuanzia". Kama una kikoba, uliza kama mfuko wa jamii unaweza kukukopesha kwa dharura hii. Kikinuna, usinune nacho.

Sasa lile gumu. Kuna wakati kikomo kimefika, au pesa ipo lakini uti wa mgongo umekatika. Kumwomba daktari amchome sindano ya kumpumzisha ni uamuzi halali, na mdogo wangu wa Pasiansi, ukifika hapo usijiite muuaji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Ukishindwa kumponya, bado anakudai umwondolee maumivu, na deni hilo kwa kawaida ni dogo kuliko upasuaji. Kumtupa dampo usiku au kumwita kijana wa kijiweni amalize kwa rungu ni ukatili. Watoto waambiwe ukweli, kwamba amekufa. Ukiwaambia "kaenda kijijini kwa bibi", likizo ya Desemba watamtafuta kijijini kwa bibi.

Kwako wewe dada wa Pasiansi, mguu wa mbwa wako haujakatika bado, umevunjika tu. Tazama ufizi, omba mchanganuo, umtajie daktari ulichonacho. Shemeji mwambie hesabu ya ng'ombe haitumiki hapa, ila kikomo mkipange pamoja, maana pesa ni ya nyumba nzima.

Na kama katika kumbeba alikung'ata, osha hilo jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali leo hii, hata kama ni mbwa wako wa miaka yote. Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, hapo ndipo utakapoiona gharama yenyewe, kwa sababu mtu aliyeng'atwa anachomwa sindano zaidi ya moja kwa siku tofauti, na jumla yake inapita mbali bei ya chanjo moja ya mbwa. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na siku hiyo halmashauri huwa zinaendesha chanjo. Muulize bwana mifugo wa kata yako watafika mtaani kwenu lini, na siku hiyo mbwa afungwe kamba tangu asubuhi, kabla hajaenda kuzurura mwaloni.