Viti vya Kilwa, kalamu ya Saadani

Ukitaka riwaya ya wagombea kiti cha enzi, huna haja ya kwenda kuazima wafalme wa Ulaya. Kilwa ya 1505 inatosha. Amiri Ibrahim alitawala ilhali kiti hakikuwa haki yake. Al-Fudail, mwenye haki ya kiti, alikwisha kuuawa. Julai akaingia Francisco de Almeida na merikebu za Wareno. Ibrahim akakimbia, akatawazwa Muhammad Ankoni, naye si wa ukoo wa masultani. Ajabu yake, aliomba arithiwe na mtoto wa al-Fudail, si na Haji Hasan, mwanawe wa kumzaa.

Anzia kwenye ombi hilo, wala usiharakishe. Mkalishe Haji Hasan barazani, amsikie baba yake akimgawia mtu mwingine urithi mbele ya wageni. Anamtazama nani? Mikono anaiweka wapi? Mizinga isubiri.

Tarehe ya Kilwa, yaani habari za masultani wake, imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu, na masimulizi ya João de Barros yaliyochapwa 1552. Orodha zao za watawala hazilingani. Usizipatanishe. Mpe mpambe wa Ibrahim moja, wa Ankoni nyingine, na wote waape.

Msimulizi nisingemweka ikulu. Ningemweka Utondwe, mji wa kale jirani na Saadani. Julai ni kusi, vyombo vinapanda kutoka Kilwa: nahodha huyu anasema sultani ni fulani, wa kesho anakanusha, na mkubwa wa mji hajui zawadi ampelekee nani.

Chunga vyungu. Mahindi, muhogo, korosho na pilipili kali asili yake ni Amerika. Wape watu wako mtama, wali, nazi na samaki. Mikarafuu usiipande kabisa. Kwa mambo ya kutawazana, soma kitabu cha Desturi za Wasuaheli (1903), chenye mengi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ila kumbuka anasimulia Mrima wa karne ya 19. Chukua ubishi wa nani akae wapi na nani alipe karamu; mavazi yaache.

Ankoni aliuawa 1506, na kiti akapewa Haji Hasan yuleyule. Wareno waliondoka 1512, Ibrahim akarudi, lakini mimi ningekatia 1506.