Tangazo Halirudiwi: Mwongozo wa Kusikiliza kwa Watahiniwa wa Kiingereza wa Migori na Homa Bay

Mwongozo huu ni wa wauguzi, maafisa wa kliniki, walimu na wafanyakazi wengine wa Migori na Homa Bay wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza bila kuacha kazi. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ajira ya wahudumu wa afya mwezi Julai 2021. Baraza linalosajili wauguzi Uingereza humtaka anayefanya IELTS apate 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Anayekwenda kusoma Marekani mara nyingi hukutana na TOEFL. Katika mitihani yote miwili sauti huchezwa mara moja tu. Ndiyo sababu mtu anayezungumza Kiingereza wodini au darasani kila siku huweza kupoteza alama kwa jambo dogo kama siku ya mkutano.

TOEFL iliyobadilishwa Januari 2026 ina aina ya swali ya matangazo peke yake: sauti fupi, kama ya mhadhiri au ofisi ya chuo, kisha maswali machache. IELTS haina aina ya swali yenye jina hilo, lakini katika sehemu yake ya pili kati ya nne husikika mtu mmoja akieleza jambo la kawaida, kwa mfano huduma za mahali fulani, na mbinu ya kusikiliza ni ile ile. Tofauti ni kwamba IELTS hukupa muda wa kusoma maswali kabla ya sauti, ilhali kwenye TOEFL maswali huja sauti ikishakwisha. Wa IELTS aingie akijua anachotafuta; wa TOEFL aandike vidokezo tangu mwanzo.

Chuo hutangaza kwa sababu kuna jambo limebadilika au linahitaji kufanywa. Hakuna anayeitisha watu kuwaambia kwamba maktaba itafungwa saa ile ile ya jana. Kwa hiyo tega sikio kwenye badiliko. Maneno yanayolibeba si mengi: "instead", "moved to", "postponed", "no longer", "except", "until further notice". Chukua sentensi hii: "The workshop planned for Room 12 will now be held in the library on Thursday." Asiyezoea huandika chumba namba 12, kwa kuwa ndicho alichokisikia kwanza. Mtego uko hapo. Majibu yasiyo sahihi hutengenezwa kwa maneno uliyoyasikia kweli, ila yameshapitwa na lile "now". Ukishashika badiliko, tafuta msikilizaji anatakiwa afanye nini: ajiandikishe, alete kitambulisho, au aende ofisi fulani kabla ya siku fulani.

Kazi hii unaifanya tayari kwa lugha zako. Matangazo yanaposomwa kanisani siku ya Sabato, chifu anapozungumza barazani, au redio inapotangaza matanga kwa Dholuo, hushiki kila neno; unashika nani, wapi na lini, mengine unayaacha yapite. Kwa Kiingereza wengi wetu hukaza mwili na kung'ang'ania kila neno, na neno moja gumu likitukwamisha, sentensi tatu zinatupita. Yaache yapite vivyo hivyo.

Sasa saa na siku, ambako alama nyingi hupotea. Mwingereza akisema "ten thirty", sisi kichwani tunasikia saa nne na nusu, na Dholuo nayo huhesabu vivyo hivyo. Ukianza kutafsiri katikati ya tangazo, utaandika 4.30 au utachelewa kusikia mahali. Usitafsiri. Andika 10.30 kama ilivyotamkwa na uendelee. Siku ni ngumu zaidi. "Tuesday" kwa Kiswahili ni Jumanne, yenye nne ndani yake. Kwa Dholuo ni Tich Ariyo, siku ya pili ya kazi. Hivyo mtahiniwa wa Rongo au Mbita ana hesabu mbili zinazoshindana kwa siku moja. Dawa yake ni kuandika herufi za Kiingereza tu: Tu, We, Th. Jizoeze mpaka mkono uandike wenyewe.

Katika tarakimu, sikiliza mkazo. "Fifteen" hukazwa mwishoni na "fifty" mwanzoni. Kanuni hiyo inafaa kuanzia "thirteen" na "thirty" hadi "nineteen" na "ninety". Kwa waliolelewa kwa Dholuo, ambayo haina sauti ya "sh" wala "z" kiasili, inafaa kusikiliza jozi kama "sip" na "ship", "price" na "prize", dakika chache kila siku. Kwa upande mwingine Dholuo ina vokali tisa, Kiswahili tano, na naamini anayeijua vizuri ana sikio zuri la kutenganisha "ship" na "sheep". Tumia mali hiyo.

Kwa mazoezi, dakika 15 kwa siku zinatosha kama ni za kila siku. Aliye karibu na Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya asome mbao za matangazo, kisha mwenzake amrekodie tangazo moja kwenye simu, akiwa amebadilisha siku au mahali. Sikiliza mara moja bila kusimamisha, andika badiliko, saa, mahali na kinachotakiwa, ndipo ukague. Ukisikiliza tena, iwe ni kwa kutafuta ulipopotea tu. Sauti ya mwenzako pekee haitoshi, kwa kuwa IELTS hutumia lafudhi za Uingereza, Australia, New Zealand na Amerika ya Kaskazini. Changanya na BBC World Service na sampuli za bure za wenye mtihani. Ndani ya matatu ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay zoesha sikio lafudhi, lakini zoezi la kujipima lifanye mahali tulivu. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza.

Kabla ya kulipa ada, uliza mwajiri au chuo kinakubali mtihani gani. Kisha jipime kwa matangazo kumi mapya, kila moja mara moja. Kama siku, saa na mahali bado vinakuponyoka, subiri mwezi mmoja, na uchague tarehe kwa kukumbuka kwamba matokeo ya IELTS na ya TOEFL hutumika kwa miaka 2 tu.